Ukurasa wa Siha: Wauguzi Wetu na Sindano ya Homa ya Ini

Mwezi huu tumeutenga ukurasa wetu kwa suala lililoletwa na jamaa moja ya Kiislamu ya Katesh, makao ya wilaya ya Hanang. Binti yao amehitimu uuguzi, naye amepata kazi katika zahanati moja ya wilaya jirani ya Mbulu. Huko kazini ameshauriwa achanjwe chanjo ya homa ya ini, ile iitwayo aina ya B. Baba hana neno. Mama hataki hata kusikia. Hoja yake ni kwamba mwaka 2021, binti alipokuwa akijifunza kazi hospitalini, alichomwa sindano ya UVIKO-19, na usiku ule akashikwa na homa na baridi, kichwa kikamwuma, viungo vikamlegea, nyumba nzima ikakesha. Mama auliza: mtoto aliyetoka nyumbani mzima akarejea mgonjwa, leo apelekwe tena kwa khiari? Tumeulizwa basi kama homa ile ilikuwa ni ugonjwa aliotiwa mwilini, kama sindano hii ya ini nayo ina maudhi kama yale, na kama yafaa kuipiga katika mwezi wa Ramadhani.

Kabla ya kujibu twapenda kusema kuwa mama huyu asikemewe. Wako watu ambao kila mwenye kuuliza juu ya chanjo humwita mjinga, nasi hatuioni kuwa ni adabu wala ni akili. Mwezi wa Januari 2021 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo za UVIKO-19 mbele ya watu wote. Yeye alifariki tarehe 17 Machi ya mwaka ule. Tarehe 24 Julai dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zikawasili Dar es Salaam, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu. Katika muda wa miezi sita, basi, raia aliambiwa ajihadhari na chanjo, kisha akaambiwa aikimbilie. Mwenye kusitasita katika hali kama ile hana lawama.

Waliotangulizwa kuchanjwa walikuwa wafanyakazi wa afya, pamoja na watu wa miaka 50 na zaidi na wale wenye maradhi ya kudumu. Na mwenye kuzijua Mbulu na Hanang ajua maana yake. Wilaya hizi ni pana, zina milima na mabonde, na mtu wa Yaeda Chini au wa pande za Basotu hamwoni daktari kila siku. Amwonaye ni muuguzi wa zahanati. Huyo ndiye anayemzalisha mkewe, anayempima mtoto uzito, anayemfunga kidonda. Muuguzi kama huyo akichanjwa Jumatatu, Jumanne asionekane kazini kwa sababu ya homa, habari hufika mnadani kabla ya jua kuchwa. Wala aliyemwona amelala hakusema uongo. Homa ilikuwapo kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza homa ile ni ya nini.

Nasi twaeleza hivi. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu na walinzi ndani yake, nao wako wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wa kupiga kelele. Waonapo kitu kigeni hawangoji kukijua ni nani. Mara moja hutoa kemikali za kuitana, damu ikaongezeka mahali pale pakavimba na kuuma, na kemikali hizo zikifika kwenye ubongo hupandisha joto la mwili, ndiyo homa na baridi na uchovu. Wa pili ni wale wa kujifunza. Hawa huja polepole, hukitazama kile kigeni, wakatengeneza silaha inayokifaa chenyewe tu. Silaha hizo wataalamu wamezipa jina la kingamwili. Kazi yao huchukua majuma mawili hata manne, tena haina kelele. Kisha baadhi yao hubaki mwilini kwa miaka mingi wakiikumbuka sura ya adui, ili siku ajapo kweli wasianze kusoma upya.

Homa ya siku ya kwanza, kwa hivyo, ni kelele za walinzi. Haikuwa UVIKO, wala haikuweza kuwa. Chanjo ya Janssen ilitumia kirusi cha jamii ya mafua kilichoondolewa uwezo wa kuzaana mwilini, nacho kilibeba maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi cha korona, yaani ile miba yake ya nje. Mwenye kuletewa picha ya mwizi hakuibiwa, ingawa mbwa wa nyumba huweza kuibwekea picha hiyo usiku kucha.

Je, mambo haya yamepimwa, au ni maneno ya kutuliza nyoyo? Yamepimwa, na kipimo kikubwa kilichofanywa katika bara letu kiliwahusu hao hao wafanyakazi wa afya. Afrika ya Kusini, tangu tarehe 17 Februari hata 17 Mei 2021, waliwachanja watumishi wa afya 477,234 kwa chanjo hiyo hiyo ya Janssen, katika uchunguzi uliopewa jina la Sisonke. Walioleta taarifa ya maudhi yo yote walikuwa 10,279, ambao ni kama 2 katika kila 100. Mengi yalikuwa kichwa kuuma, mwili kuuma, mahali pa sindano kuuma, na homa. Tena mengi yalitokea katika saa 48 za kwanza. Wanawake walileta taarifa zaidi kuliko wanaume, vijana zaidi kuliko wazee, na waliokwisha kuugua UVIKO zaidi kidogo kuliko wasiougua. Mama wa Katesh na aitazame orodha hiyo: binti yake alikuwa mwanamke, tena kijana. Si kwamba mwili wake ni dhaifu. Walinzi wa vijana wana sauti kubwa kuliko wa wazee.

Hapa yatupasa kuongeza neno, kwani hesabu hudanganya asiyeiuliza imetoka wapi. Hao 2 katika 100 ni wale waliojitokeza wenyewe kuandika habari zao. Katika majaribio ya kwanza ya chanjo hii, ambako kila mtu aliulizwa mmoja mmoja, karibu nusu walisema mkono uliwauma, na zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu walipata maumivu ya kichwa au uchovu. Homa yenyewe iliwapata kama 9 katika 100. Hesabu zote mbili ni za kweli. Ya Afrika ya Kusini yaonyesha wangapi waliona taabu yao yastahili kuandikwa. Ya majaribio yaonyesha wangapi waliona cho chote. Anayetaka kuwatisha watu huchukua moja, anayetaka kuwatuliza huchukua nyingine, nasi twaona heri msomaji awe nazo zote.

Wala hatutaficha kwamba yako madhara mazito, ijapokuwa ni nadra. Katika wale 10,279, taarifa 138 zilikuwa za mambo mazito. Miongoni mwao walionekana watu 2 waliopatwa na maradhi ya damu kuganda huku vichembe vya kugandisha damu vikipungua, na watu 4 waliopatwa na udhaifu wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré. Kwa ajili ya maradhi hayo ya damu, uchunguzi wenyewe ulisimamishwa tarehe 13 Aprili 2021, ukaangaliwa, ukarejeshwa tarehe 28 Aprili. Huko Marekani yalionekana kwa watu kama 4 katika kila milioni moja waliochanjwa, na mwezi wa Mei 2022 serikali yao ikaipunguzia chanjo hiyo matumizi, kwa kuwa walikuwa na nyingine za kuchagua. Upande wa pili wa mizani ni huu: katika watumishi wale wa Afrika ya Kusini, chanjo ilipunguza vifo vya UVIKO kwa kadiri ya 83 katika 100, na kulazwa hospitali kwa kadiri ya 67 katika 100. Mwenye kupima na apime kwa pande zote mbili. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa dharura ya ugonjwa ule imekwisha, na leo hatuna haja ya kuwarudisha wasomaji katika ubishi wa miaka ile, ila kwa kadiri inavyohusu swali tuliloulizwa.

Jambo moja zaidi, kisha tuingie katika ini. Wapo wauguzi waliochanjwa wasione cho chote, hata mkono haukuwauma, nao wakaingiwa na wasiwasi kuwa wamepigwa maji matupu. Dhana hii ni kosa. Walinzi wa kelele na walinzi wa kujifunza si watu wamoja. Wa kwanza waweza kunyamaza na wa pili wakafanya kazi yao sawasawa. Katika kila uchunguzi wa kingamwili wameonekana watu wengi wasiopata homa kamwe, na damu yao ikakutwa imejaa kinga. Homa si risiti ya chanjo.

Sasa homa ya ini aina ya B. Hii si UVIKO, ambayo ilikuja kwa kishindo, ikazungumzwa usiku na mchana. Hii ni maradhi ya kimya. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi nayo, na katika mwaka huo huo iliua watu milioni 1.1, wengi wao kwa ini kusinyaa au kwa saratani ya ini. Mtu huweza kukaa nayo miaka 20 asijue, akilima, akioa, akizaa, mpaka siku tumbo linajaa maji na macho yanageuka manjano, na wakati huo daktari hana jingi la kufanya.

Huambukiza kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaliwa. Haiambukizi kwa kula sahani moja, wala kwa kupeana mikono, wala kwa kusali safu moja. Twayasema haya kwa mkazo kwa sababu tumesikia nyumba ambazo mgonjwa wa ini hutengewa kikombe.

Kwa muuguzi hatari yake ni sindano. Amchomapo mgonjwa, na sindano ile ile ikateleza ikamchoma yeye mwenyewe kidoleni, yako maradhi matatu ya kuogopwa. Virusi vya UKIMWI humwambukiza mmoja hivi katika kila watu 300 waliojichoma kwa damu yenye virusi hivyo. Homa ya ini aina ya C humwambukiza kama 2 katika kila 100. Lakini aina ya B, ikiwa damu ya mgonjwa ina virusi vingi na muuguzi hana kinga, huweza kufika watu 30 katika kila 100. Tena kirusi hiki hukaa hai juu ya meza au juu ya nguo, katika tone la damu lililokwisha kukauka, muda wa siku 7 na zaidi. Watu wetu huogopa UKIMWI kazini, nao wana haki. Lakini katika yale matatu lililo jepesi zaidi kuambukiza ndilo wanalolisahau, na ndilo tu lenye chanjo.

Wala tusidhani kuwa damu huonekana katika hospitali kubwa tu, kama Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ambayo imekuwa ikiwahudumia watu wa Mbulu na wilaya za jirani tangu mwaka 1955. Zahanati ndiyo izalishayo usiku kwa taa ya mkono. Na Hanang wanayo kumbukumbu yao. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kujeruhi zaidi ya 100. Siku ile majeruhi walifika wamejaa tope na damu, mifupa imevunjika, na mikono iliyowapokea, ikawaosha na kuwashona, haikupata nafasi ya kuuliza nani ana maradhi gani. Mikono kama hiyo ndiyo tunayotaka ilindwe kabla ya siku kama ile kuja.

Basi chanjo yenyewe ni kitu gani? Ni kipande cha gamba la nje la kirusi, kinachotengenezwa kwa hamira maabara. Hamna kirusi ndani yake, wala kizima wala kilichokufa. Kwa hivyo haiwezi kumtia mtu homa ya ini. Hutolewa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Maudhi yake ni mepesi kuliko ya ile ya mwaka 2021: mkono kuuma siku moja au mbili, wengine kichwa, wachache homa ndogo. Mzio mkali, ule wa uso kuvimba na pumzi kubana, hutokea kwa kadiri ya mara moja katika dozi milioni moja, nao huja katika dakika za kwanza. Ndiyo sababu mtu aliyechanjwa huambiwa akae dakika 15 kabla ya kuondoka, na sindano ya kuutibu iwe tayari.

Na hapa tuna habari ambayo pengine itamtuliza mama kuliko hesabu zote. Chanjo hii Tanzania imekuwa ikipewa watoto wachanga tangu mwaka 2002. Imo ndani ya ile sindano ya paja ambayo mtoto hupigwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na kinga ya kifaduro, dondakoo na pepopunda. Binti huyu alizaliwa kabla ya mpango huo kuanza, kwa hivyo hakuipata. Lakini ikiwa anao wadogo zake, aghalabu mama mwenyewe ndiye aliyewabeba mgongoni mpaka kliniki wakapigwa sindano hiyo, akarudi nao wakilia usiku mmoja, na asubuhi wakacheza. Anachoombwa binti leo ni kile walichokwisha kukipata wadogo zake.

Ama kinga inayopatikana, ina uzuri ambao chanjo nyingine nyingi hazina: inapimika, na mtu akajua amekingwa au hakukingwa. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, damu hupimwa kingamwili. Ikionekana 10 au zaidi kwa hesabu ya maabara, mtu huyo amekingwa. Watu wazima wenye afya, zaidi ya 90 katika 100 hufikia hapo. Wasiofikia aghalabu ni waliopita miaka 40, wanene sana, wavutaji wa sigara, na wanaume kuliko wanawake. (Mzazi aliyekuwa akitafuta sababu ya kumwachisha kijana wake sigara na aichukue hii.) Asiyefikia hurudia dozi tatu nyingine, na nusu yao au zaidi hufaulu mara hiyo ya pili. Baada ya miaka kingamwili hupungua katika damu, hata pengine kipimo kikashuka chini ya 10, lakini wale walinzi wenye kumbukumbu hubaki. Waliofuatiliwa kwa miaka 30 wameonekana bado wamekingwa.

Pana mambo mawili huiharibu kinga hii nayo si ya Mungu bali ni ya mikono yetu. La kwanza ni mahali pa kuchoma. Kwa mtu mzima sharti iwe msuli wa bega. Ikichomwa tako huzama katika mafuta na kinga hupungua. La pili ni baridi. Watu hudhani chanjo kadiri inavyogandishwa ndivyo inavyohifadhiwa, na hii ya ini ni kinyume: huwekwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda barafu hufa, hata ikiyeyuka tena ikaonekana kama ilivyokuwa. Mwenye kuisafirisha katika kasha kutoka mjini mpaka zahanati ya mbali asiilaze juu ya barafu tupu.

Tena tunamshauri binti apimwe kabla ya kuchanjwa. Chanjo haimdhuru aliyekwisha kuambukizwa, lakini haimfai kitu, naye ataishi akijidhania amekingwa. Najua baadhi ya wasomaji watasema: na akikutwa nayo? Akikutwa nayo amepata kheri ya kujua mapema. Dawa zipo za kuizuia isile ini, daktari atamwangalia, na mumewe, au mchumba wake, achanjwe yeye. Mtoto atakayezaliwa huchanjwa katika saa 24 za kwanza, mbali na zile za kliniki. Haifai kuwa sababu ya kuvunja uchumba wala ya kumtoa mtu kazini. Familia ya mwanamume ikija na maneno hayo, na ijibiwe kwa elimu na upole.

Twakumbuka hapa kisa cha ndugu yetu mmoja Muislamu wa mji wa Merka, Somalia, jina lake Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali, kijana wa miaka 23. Wafanyakazi wa hospitali ile walitakiwa wachanjwe ndui, naye akakwepa, kwa kuwa aliogopa uchungu wa sindano. Mwezi wa Oktoba 1977 ilifika gari yenye wagonjwa wawili wa ndui, dereva hajui njia, Ali akapanda kumwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku chache baadaye homa, kisha vipele. Alipona, Alhamdulillahi, wala hakumwambukiza mtu mwingine. Naye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana, kabla ya kutangazwa mwaka 1980 kuwa ugonjwa huo umekwisha. Uzeeni mwake alizunguka nyumba kwa nyumba akiwahimiza wazazi wawachanje watoto polio, akiwaeleza lililompata yeye kwa kuogopa maumivu ya siku moja, na katika kazi hiyo ndimo alimofia kwa malaria, mwezi wa Julai 2013. Mungu amrehemu.

Kwa upande wa dini hatuoni haja ya kurefusha. Mtume (S.A.W.) amewaamrisha waja wajitibu, na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim ametaja tende saba za Ajwa zinazoliwa asubuhi ili sumu isimdhuru mtu siku hiyo, na Sheikh Abdulaziz bin Baz alipoulizwa juu ya chanjo alitoa hoja kwa hadithi hii kwamba kujikinga kabla ya maradhi kuja kwafaa. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni Sham, alirudi na watu wake, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu alijibu kwa maana ya kuwa anatoka katika kadari kwenda katika kadari. Mahujaji wetu hawapewi ruhusa ya kuingia Makka mpaka wachanjwe homa ya uti wa mgongo siku 10 kabla, na hatujamsikia mtu akisema Hija yao imepungua. Na aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitenda. Amri hiyo yawahusu wenye kueneza habari za simu kuwa chanjo huondoa uzazi, na yawahusu pia wenye kusema chanjo haina dhara lo lote. Wote wawili hawakuhakikisha.

Ramadhani nayo ni jambo jepesi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilipitisha kwamba sindano za dawa zisizokuwa za lishe, ziwe za ngozi, za msuli au za mshipa, hazifunguzi saumu. Akipenda kuipiga baada ya magharibi ili moyo wake utulie, ni vyema. Homa ikimshika asiweze kufunga, ana ruhusa ya mgonjwa, atalipa siku ile. Na ikiwa anaona afadhali dozi ya pili au ya tatu iliyoangukia Ramadhani aingoje Shawwal, kuchelewa kwa majuma hakuharibu kitu, wala hakumlazimu kuanza upya; lisilofaa ni kuharakisha, yaani kuipiga ya pili kabla ya mwezi kwisha. Mkono wa juu ndio unaofunuliwa, na anayo haki ya kuomba mwanamke mwenziwe amchome.

Akishachanjwa, mkono ukiuma aukande kwa kitambaa cha maji baridi, na homa ikiwapo anywe maji na paracetamol. Homa ikizidi siku mbili isihesabiwe kuwa ni ya sindano. Aende akapimwe malaria na mengineyo, kwani katika wilaya hizi wako waliochelewa kutibiwa malaria kwa kudhani ni chanjo. Likitokea jambo zito au geni, lisiishie kwa majirani. Liandikwe, lipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, maana madhara ya nadra hujulikana kwa taarifa za watu kama yeye.

Na kabla ya kinga kukamilika, yaani kabla ya dozi ya tatu na kile kipimo, akijichoma kwa sindano iliyotumika aoshe mahali pale kwa maji na sabuni, asikamue, na siku ile ile aende hospitali, asingoje kesho: iko dawa ya kingamwili zilizo tayari ambayo hutolewa pamoja na chanjo, na faida yake kubwa ni katika saa 24 za kwanza. Kadi ya dozi tatu pamoja na karatasi ya kipimo aviweke mahali pamoja na vyeti vyake vya shule, kwani kila atakakohamishiwa kazi ataulizwa.